Kwa Régis wetu, aliyefutwa kwenye kadi akiwa hai

Umetimia mwaka, Régis, tangu Jumanne ile ulipotuacha saa nne asubuhi, hapa nyumbani Juru, maharage yakiwa motoni na redio ya jirani ikisoma matokeo ya mpira. Mwaka mzima, na bado hatujatoka kilio.

Unaijua desturi yetu. Mwaka ukitimia watu hufanya kuganduka. Ndugu hukusanyika, pombe ya mtama hunywewa, mzee wa nyumba husema maneno ya kufunga msiba, na kuanzia hapo mama wa marehemu anaruhusiwa kuvaa nguo ya rangi na kucheka mbele za watu. Baba aliita watu Jumamosi iliyopita. Watu walikuja, pombe ilikuwapo. Aliyekosekana ni Mama. Alikuwa chumbani, hatua sita kutoka kwenye mtungi, na hakutoka.

Tunaandika haya na tutayabandika kwenye mlango wa kanisa. Wewe uyasikie, na wale wanaotusimamisha njiani kutuuliza wayasome wenyewe, wasituchoshe.

Tuanze na mpira, maana hata wewe ulianza nao.

Tulifika kambi hii ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tukitokea Burundi mwaka 2015, ukiwa na miaka kumi na saba, na kabla hema halijasimama sawasawa ulikuwa umeshajua kiwanja kiko wapi. Mtu akija kukuulizia, Mama alikuwa na jibu moja. Katekista akikutaka kwenye kwaya, Baba akihitaji mkono shambani, jirani akitafuta wa kumbebea mgonjwa, Mama alisema, "Régis? Iko kwa kiwanja." Alilisema kama mtu anayelalamika. Sisi tulioishi naye tulijua anajisifu.

Hukuwa mfungaji. Wafungaji hubebwa mabegani; beki huandikwa gazetini siku aliyokosea. Ulikuwa beki wa kati, mrefu, mkavu, mwenye jino la mbele lililovunjwa na kiwiko cha mtu wa Ngarama, na kazi yako ilikuwa kuona jambo kabla halijatokea na kuliharibu. Ulisema mechi nzuri ni ile ambayo ikiisha hakuna anayekumbuka kama ulikuwepo. Mama akakuuliza, basi kwa nini wasiweke jiwe mahali pako? Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Nawe ulikuwa mpole mno kwa mtu anayelipwa kuwagonga wenzake. Ulifua soksi zako mwenyewe na kuzianika mbili mbili. Hukuja nyumbani bila sabuni ya mche kwa Mama na tumbaku kwa Baba. Ukikaa, mikono yako haikukaa. Ulimenya maharage huku kifundo cha mguu kimelowekwa kwenye beseni la maji baridi.

Kiangazi cha mwaka wa pili ulikwenda Endiinzi kuchunga ng'ombe wa bibi Yayeri. Alikuwa mjane, na mwanawe wa pekee, Jovan, alikuwa ameondoka miaka mingi nyuma bila kutuma hata salamu. Bibi alikupenda. Alikupa maziwa ya asubuhi, yale ambayo mchungaji wa kuajiriwa hapewi.

Halafu akaja Sajenti Ashiraf wa kambi ya jeshi ya Makenke. Alikuwa akifundisha timu moja ya mjini Mbarara, na alikuona kwenye mashindano ya Ngarama mwaka 2017. Alikuja na pikipiki mpaka mlangoni, akanywa maji akiwa amesimama, akamwambia Mama, "Mama, kijana yako iko na kichwa. Miguu wako nayo wengi, lakini huyu iko na kichwa. Mimi nataka yeye Mbarara. Hapana ogopa, nitamuangalia kama wangu."

Neno lake hakulivunja, tunamshukuru. Lakini alikuja na sharti. Nafasi za wageni kwenye timu zilikuwa zimejaa. Ukibaki Mrundi utakaa nje. Ukiwa mtoto wa hapa utacheza Jumamosi. Bibi Yayeri aliposikia, akasema karatasi za Jovan wake ziko sandukuni zinaliwa na mende bure. Akaweka dole gumba kwamba wewe ndiye mwanawe. Lakini mtu hawezi kuwa mkimbizi huku na raia kule. Jina lako lilipaswa kwanza kutoka kwenye kadi ya familia yetu.

Mama ndiye aliyekwenda ofisini. Tulikuwa tumepanga aseme umerudi Burundi. Alilifanyia mazoezi neno hilo njia nzima, akilisema kwa sauti mpaka watu wakawa wanamgeukia.

Karani hakuwa mtu mbaya. Aliuliza tu swali ambalo mtu yeyote angeuliza. "Mama, kama kijana amerudi na iko sawa huko, nyinyi munabaki hapa kwa nini? Niandike familia yote kwa basi?"

Wewe unajua, na kila Mrundi anayesoma hapa anajua, basi hilo ni la kuwarudisha watu Burundi. Mama aliuona mlango wa nyumba yetu ya Muyinga kama tulivyouacha, umelala chini. Aliona basi. Ulimi ukakimbia mbele yake.

"Hapana," akasema. "Hakurudi. Amekufa. Amezama mu ziwa."

Wanawake wawili wa Juru waliokuwa kwenye foleni walielewa mara moja, na kwa huruma yao wakasema ni kweli, walikuwepo, walilia. Mama akaweka dole. Karani akampa pole. Mama akarudi nyumbani akapika maharage, nasi tukala. Hakulia, angelia nini? Ulikuwa kiwanjani, tulikuwa tunasikia kelele zenu. Lakini kuanzia siku ile hakula tena samaki wa ziwa la Nakivale, na hakumwambia mtu sababu.

Baba aliposikia alisema tu, "Ulimi uliponza kichwa." Hakulirudia tena.

Basi ukawa Jovan. Ulicheza misimu saba mfululizo. Ulianza kama beki wa akiba, msimu wa pili ukapata namba, msimu wa nne ukavaa kitambaa cha unahodha. Ulicheza Kampala, Jinja, Arua, Gulu, na ukatuletea udongo wa kila kiwanja kwenye njumu zako. Ila ukiogopa ulisahau kuwa wewe ni Jovan wa Endiinzi. Mpira ukija vibaya ulipiga kelele kwa Kirundi, "Duga! Duga!" yaani pandeni, pandeni juu. Wenzako hawakuuliza neno hilo limetoka wapi. Walilichukua. Mwishowe timu nzima, Wanyankole, Waganda na yule kipa wa Kasese, wote wakawa wanapiga kelele za kwetu wakifikiri ni maneno ya mpira.

Mama alikuja kukutazama mara moja. Sajenti alimkalisha karibu naye jukwaani, akamwonya, "Mama, hapa hapana sema Régis. Hapa yeye ni Jovan." Aliitika. Dakika ya sitini na kitu uligongana na mtu hewani, ukaanguka na ukakaa chini muda mrefu, watu wakakuzunguka. Watu wote walikuwa wanaita Jovan, Jovan. Mama alisimama, akafungua mdomo, kisha akaujaza kitenge. Alisimama hivyo, kitenge mdomoni, mpaka ulipoinuka. Tulirudi na gari hadi Isingiro. Hapo akatwambia, "Nilikuwa na jina lake hapa," akijishika koo, "na lilikataa kushuka."

Gazeti lilipotoa picha yako alimwomba Sonia, dada yako anayeandika haya, amkatie. Mama hajui kusoma, ila alinielekeza nikate picha tu na jina niliache. Ikakaa nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Iko hapo hadi leo.

Sasa vidonge. Hatuna wa kumlaumu kwa jina, nawe usingependa. Kifundo kilikuwa kibovu tangu msimu wa pili, na nyonga tangu wa tatu, na kabla ya kila mechi palikuwa na mkono ulionyooshwa wenye vidonge viwili vyeupe vya kutuliza maumivu, baadaye vitatu, baadaye vinne. Beki haombi kupumzika; akipumzika Jumamosi moja, anayemwachia nafasi hairudishi. Ulivimeza miaka yote hiyo kama mtu anavyomeza mate. Mwanzoni mwa msimu wa nane uso ulianza kuvimba asubuhi. Gorret, mama wa mtoto wako, binti wa hapo Makenke, ndiye aliyekulazimisha kwenda hospitali. Wakasema figo zote mbili zimekwisha.

Ukarudi Juru na mfuko mmoja, ukiwa na miaka ishirini na sita. Mara mbili kwa wiki ulisafiri kwenda kusafishwa damu kwa mashine, ukirudi umepauka, unalala, unaamka, unaomba maharage umenye.

Mama hakungoja kuombwa. "Mimi niko nazo mbili," akasema. "Batoe moja." Wakampima. Damu yake na yako zilikubaliana, daktari akasema ni mara chache kuona zinavyokubaliana hivyo. Siku hiyo Mama aliimba njia nzima kutoka Mbarara. Sijamsikia akiimba tena.

Maana hospitali ya kufanya kazi hiyo ilitaka karatasi. Figo haitolewi na mtu yeyote tu, isije ikawa biashara. Ni lazima ithibitike kwamba huyu ni mzazi na huyu ni mtoto. Kwenye karatasi zako, Jovan, mama yako alikuwa Yayeri wa Endiinzi. Kwenye karatasi za Mama, Bernardine, mwanawe Régis alizama ziwani mwaka 2017.

Bibi Yayeri alikuja mwenyewe na mkongojo wake, miaka yake sabini na zaidi, akapanda kitanda cha daktari. "Mimi ni mama ya yeye kwa karatasi," akasema, "chukueni yangu." Wakampima kwa heshima tu. Damu yake ilikataa. Mama mwenye karatasi damu ilimkataa, na mama mwenye damu karatasi ilimkataa. Walikaa benchi moja wakashikana mikono, wala hawakuwa na lugha ya kutosha ya kuambiana kitu.

Ndipo Mama akakuchukua, mkaenda ofisini pamoja. Karani alikuwa mwingine, kijana.

"Nataka urudishe mutoto wangu kwa kadi," Mama akasema. "Ni huyu hapa. Iko muzima. Mumuguse."

Kijana alitazama kompyuta, akakutazama wewe, akatazama tena kompyuta. "Mama, mimi namuona. Lakini hapa imeandikwa amekufa, na dole ni ya wewe."

"Nilisema bongo, ilikuwa uongo. Niliogopa."

"Naelewa, Mama. Lakini mimi siwezi fufua mtu. Ni Kampala tu."

Hapo wewe ukataka kumchekesha. Ukasema, "Mama, mwambie nilizama, halafu nikakumbuka najua kuogelea." Kijana alicheka. Mama aliweka paji la uso juu ya meza ya ofisi, akakaa hivyo.

Wakakuchukua alama za vidole, wakakupiga picha, wakatuma. Tukangoja wiki tatu, ikawa sita, ikawa kumi. Mama alikwenda kuuliza kila Jumatatu na kila Alhamisi, kilomita nyingi kwa miguu, akirudi na jibu lile lile. Nawe ulikuwa unapungua. Ulikatazwa maji, kikombe kidogo kwa siku, daktari alisema, kupita hapo ni hatari. Mama ndiye aliyekitunza kikombe hicho.

Asubuhi ile ya Jumanne uliomba maji mara tatu. Alikupa mara moja. Mara ya pili alisema, "Ngoja, mwana wangu." Mara ya tatu alitoka nje ili asikusikie. Aliporudi hukuwa unaomba tena.

Hilo ndilo analolala nalo na kuamka nalo, Régis. Tumemwambia alifanya kama daktari alivyoagiza. Anatusikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza kikombe kiko wapi.

Mazishini timu ilikuja na basi zima. Walileta shada lenye maandishi ya Jovan, beki wetu. Msalaba Baba aliuandika kwa mkono wake, Régis. Watu wakaanza kunong'ona kama viwekwe vyote viwili. Mama akasema, "Viacheni. Na huyo wao alikuwa mutoto wangu." Udongo ulipoanza kushuka, yule kipa wa Kasese akapiga kelele, "Duga!" na wenzake wote wakaipokea, vijana kumi na wanane wakilia na kukuita upande juu kwa lugha wasiyoijua.

Siku ya kumi na tisa baada ya maziko, barua ilikuja. Kampala walikuwa wamekubali. Vidole vilikuwa vyako, kosa lilikuwa limerekebishwa, na kadi mpya ya familia yetu ikatoka: Léonidas, Bernardine, Régis, Sonia. Mbele ya jina lako imeandikwa kwamba uko hai. Mama aliniomba nimsomee mara moja, kisha akaikunja akaiweka kifuani.

Sheria inataka twende tukaseme umekufa. Baba alitaka kwenda wiki ileile. Mama akasema tungoje. Tumengoja. Mwezi uliopita ulikuwa wa uhakiki, kila familia mbele ya meza, majina yanasomwa, mtu anaitika. Wakasoma Léonidas, Baba akaitika. Wakasoma Bernardine, akaitika. Wakasoma Régis.

Baba alinitazama. Mimi nilitazama chini.

"Régis?" yule wa ofisini akarudia. "Iko wapi?"

Mama akasema, kwa sauti ile ile ya kulalamika ya zamani, "Iko kwa kiwanja."

Yule wa ofisini akaandika kuwa hukufika. Posho yako Mama hakuipokea, wala hajawahi kuipokea. Alitaka jina tu. Anayetaka kwenda kulisema hili ofisini na aende, njia anaijua.

Na mtu asiseme Mama amerukwa na akili. Anajua ulipo. Kila Jumapili baada ya misa anang'oa majani juu yako, na mawe ya pembeni ameyapanga yeye. Jumamosi, Baba alipoingia chumbani kumwita kwenye pombe ya kuganduka, alimwambia kwa upole, "Mama Régis, mwaka umetimia. Tutoke kilio, na Jumatatu twende tuseme ukweli." Sote tulimsikia alivyojibu.

"Mimi nilimuua kwa mudomo huu, na sikulia hata tone. Nikapika maharage. Hiyo kilio ya wakati ule ndio niko nalia sasa, bado haijaisha. Na kusema tena amekufa, hapana. Nilisema mara moja, ikatosha."

Baba alitoka akawaambia wageni wanywe tu, safari ni ndefu. Walikunywa kidogo, kwa adabu, wakaondoka mapema. Bibi Yayeri ndiye aliyebaki. Aliingia chumbani akakaa chini kando ya Mama, na jua likazama wakiwa hapo.

Ineza wako ana miaka mitano sasa. Anapiga mpira kwa mguu wa kushoto kama wewe. Kwenye cheti chake baba yake ni Jovan. Gorret anasema akikua atamweleza. Sisi hatujui ataanzia wapi.

Hatuna neno la kufariji, Régis. Tulilitafuta ili tumalizie nalo, kama familia nyingine zinavyomaliza, na hatukulipata. Pumzika kwa amani, kaka, kwa majina yako yote mawili.

Wanaokukumbuka ni baba yako Léonidas. Dada yako Sonia. Gorret na mtoto wako Ineza. Bibi yako Yayeri wa Endiinzi. Sajenti Ashiraf na wachezaji wenzako wote wa Mbarara. Hatukuachi moyoni mwetu, leo wala kesho.

Mama yako tulimsomea maneno haya kabla ya kuyabandika, na tulipofika kwenye majina akatuambia tulifute lake. Alisema wanaokumbukwa ni waliokufa.